Pointi Ziko Monastir: Orodha ya Tenisi Ikitazamwa kutoka Kitale na Bungoma

Julai 2022, Angella Okutoyi na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon. Walitoka nyuma na kuwashinda Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, 3-6, 6-4, kisha 11-9 katika kipindi cha kuamua mshindi. Kenya haikuwa imewahi kupata taji la Grand Slam, liwe la wakubwa au la vijana. Serikali ilipongeza, magazeti yakapamba kurasa za mbele. Kwenye orodha ya ubora ya vijana, ushindi huo ulikuwa na thamani ya pointi sifuri.

Haikuwa hujuma dhidi ya Kenya. Mwaka huo Wimbledon iliwafungia nje wachezaji wa Urusi na Belarusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, na wenye orodha, yaani ATP ya wanaume, WTA ya wanawake na Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, wakajibu kwa kuyavua mashindano hayo pointi zake zote. Novak Djokovic alishinda taji la wanaume na bado akaporomoka kutoka nambari 3 hadi nambari 7, kwa kuwa pointi 2,000 alizozipata hapo mwaka 2021 zilikuwa zimekwisha muda na hakupewa nyingine. Elena Rybakina alitwaa taji la wanawake akabaki pale pale, nambari 23. Kombe lilikuwa halisi na mpira ulikuwa halisi. Orodha haikuona kitu.

Huku kwetu Kitale na Bungoma jambo hilo ni gumu kulielewa, kwa sababu ukiuliza mtu ni nambari ngapi duniani, watu hufikiria saa. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia aliyechunga ng'ombe utotoni, alizaliwa mwaka 2004, mwaka ule ule aliozaliwa Okutoyi. Agosti 2021 alishinda mita 800 za dunia za chini ya miaka 20 uwanjani Kasarani, dakika 1:43.76, rekodi ya mashindano. Ili dunia imjue alihitaji kufika Nairobi. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki mjini Paris kwa 1:41.19, sehemu moja ya mia ya sekunde mbele ya Marco Arop wa Kanada. Riadha nayo ina orodha yake ya dunia tangu 2019, na katika mita 800 huchukua wastani wa matokeo matano bora, yakiongezewa alama za nafasi uliyomaliza na uzito wa mashindano. Hata hivyo imeacha mlango wa pembeni: kabla ya Paris, mkimbiaji aliyefikisha 1:44.70 katika mashindano yaliyoidhinishwa alikuwa amekidhi kiwango, na hakuna aliyemuuliza ana pointi ngapi.

Tenisi haina mlango huo, kwa sababu haina saa. Huwezi kusema fulani ametandika mkono wa kulia kwa kasi kiasi fulani, basi apelekwe Wimbledon. Ubora wa mchezaji huonekana tu anapokabiliana na mwingine, na wachezaji wa kulipwa ni maelfu, wametapakaa duniani kote. Kwa hiyo orodha hufanya jambo moja la kihasibu: hutia bei kwenye mashindano, si kwenye wapinzani. Bingwa wa Grand Slam hupata pointi 2,000. Chini yake yapo mashindano ya 1,000, ya 500 na ya 250, ambayo majina yake ndiyo pointi anazopata mshindi. Kisha yanakuja ya daraja la pili, na chini kabisa yapo mashindano ya ITF. Kwa wanaume ni M25 na M15. Kwa wanawake ngazi ni W100, W75, W50, W35 na W15. Herufi ni ya jinsia. Kwa wanawake tangu 2024 nambari ni pointi anazopata mshindi, na katika W15 inalingana pia na maelfu ya dola za zawadi zinazogawanywa kwa wachezaji wote.

Pointi zinaishi wiki 52. Ulichovuna wiki ya kwanza ya Juni mwaka huu kitafutwa wiki kama hiyo mwaka ujao, na usipovuna kingine kujazia pengo, unashuka bila kushindwa na mtu. Hazihesabiwi pointi zote: karibuni wanawake wamekuwa wakihesabiwa mashindano 18 bora, na wanaume idadi inayokaribiana na hiyo. Jumatatu jumla hutolewa upya, isipokuwa katikati ya mashindano makubwa ya wiki mbili. Hesabu yenyewe ingemtosha mtoto wa darasa la sita.

Kazi ya orodha si kumpamba mtu, ni kumfungulia lango. Droo kuu ya Grand Slam ina nafasi 128 kwa kila jinsia katika mchezo wa mmoja mmoja. Nafasi 104 hugawiwa moja kwa moja kwa kufuata orodha, 16 huenda kwa waliopenya mchujo, na 8 ni za kadi za mwaliko. Mchujo wenyewe nao hujazwa kwa orodha. Mchezaji wa nambari 90 anaingia kwa mlango wa mbele, wa nambari 150 anapiga mechi tatu za mchujo kwanza, na wa nambari 600 hana la kufanya London wiki hiyo.

Kabla ya 1973 hali ilikuwa mbaya zaidi. Wenye mashindano walimwalika waliyempenda, na anayejaza viti alipata nafasi mbele ya anayeshinda. ATP ilitoa orodha yake ya kwanza ya kompyuta tarehe 23 Agosti 1973, Ilie Năstase wa Rumania akiwa wa kwanza. Wanawake walipata yao Novemba 1975, Chris Evert akiongoza. Tangu siku hizo, kadi za mwaliko zikiwekwa kando, swali la nani aingie halijibiwi tena kwa kupendwa. Naiheshimu orodha kwa hilo. Katika mambo ya michezo ya Kenya tumezoea majina yanayoingia kwenye timu usiku wa manane bila mtu kueleza yametoka wapi. Katika tenisi, mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kukagua hesabu ya yeyote.

Kwa miaka 16 ya mwanzo, orodha ya wanaume ilitumia wastani: pointi zako ziligawanywa kwa idadi ya mashindano uliyocheza, na kigawanyo hakikushuka chini ya 12. Mwenye kucheza mara chache na kushinda alinufaika. Mwenye kuhangaika kila wiki aliadhibiwa. Mwaka 1990 wakageuza: yahesabiwe matokeo 14 bora, mengine yatupwe. Ukishindwa raundi ya kwanza, haikupunguzii kitu. Ni mageuzi ya haki kwa kuangalia juu juu, lakini yalibeba jambo ambalo halikusemwa kwa sauti. Chini ya wastani, safari ya ziada ilikuwa hatari. Chini ya matokeo bora, safari ya ziada ni tiketi nyingine ya bahati nasibu, na mwenye pesa hununua nyingi. Baadaye, kuanzia mwaka 2000, wanaume waliondoa pia pointi za nyongeza zilizotolewa kwa kumshinda mpinzani wa nafasi ya juu. Tangu hapo orodha haijali umemshinda nani. Inajali ulikuwa wapi na ulifika raundi gani.

Paul Wekesa alipita katikati ya mageuzi hayo. Mwaka 1995 alifika nambari 100 duniani kwa mchezo wa mmoja mmoja, kilele ambacho hakuna Mkenya mwingine amekifikia. Wekesa: jina ambalo ukiliita kwenye soko la Chwele au stendi ya Kimilili, watageuka wanaume kumi. Miaka 30 imepita, na mrithi hajapatikana. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba hatuna vipaji vya tenisi. Mimi sioni namna ya kulijua hilo, maana kipimo chenyewe hakijawahi kuletwa karibu.

Tujaribu hesabu kwa mchezaji wa kubuni, tumwite Nekesa, wa miaka 19, kutoka Webuye. Ana raketi tatu na mfadhili mmoja, mjomba wake mwenye duka la pembejeo. Amejisajili ITF kwa nambari yake ya utambulisho na kulipa ada kwa dola. Anaenda Monastir, Tunisia, kwa wiki tatu za W15. Kwa kuwa hana pointi, anaanzia kwenye mchujo, ambao ukiishia humo haukupi pointi hata moja. Wiki ya kwanza anapenya mchujo, anapigwa raundi ya kwanza: sifuri. Wiki ya pili anashinda mechi moja ya droo kuu: pointi 1. Ya tatu anafika robo fainali: pointi 3. Jumla 4. Je, sasa ni nambari ngapi duniani? Hayupo. WTA humtia mtu kwenye orodha akiwa amepata pointi katika mashindano matatu au akiwa na pointi 10. Nekesa amepata katika mawili. Amelipa ndege, chumba, chakula na kufungiwa nyuzi za raketi kwa siku 21, amecheza na Wafaransa na Waromania na kuwashinda baadhi yao, kisha amerudi nyumbani akiwa si mtu kwenye orodha. Hata angetwaa taji mojawapo, bingwa wa ngazi hiyo hupata kama dola 2,000 kabla ya kodi.

Mweke kando ya mchezaji wa nambari 95 anayeingia Wimbledon kwa mlango wa mbele na kushindwa raundi ya kwanza kwa dakika 55. Huyo anaondoka na pointi 10. Ni pointi zile zile 10 anazopata aliyefika fainali ya W15 kwa kushinda mechi nne. Pesa ndizo hazilingani kabisa: mwaka 2025 Wimbledon ililipa pauni 66,000 kwa kushindwa raundi ya kwanza. Pauni hizo humlipa kocha na tabibu wa viungo, naye huenda mashindano yanayofuata akiwa amelala usingizi mzuri. Wanaotetea mpangilio huu husema Wimbledon ni ngumu kuliko Monastir, na ni kweli. Ila ugumu huo umelipiwa mara mbili, kwa pointi na kwa pesa, na kila malipo humsaidia kupata mengine.

Kwa nini Monastir? Kwa sababu pointi za ngazi ya chini hazikusambazwa sawa kwenye ramani. Zipo sehemu chache ambazo mashindano ya ITF hufuatana wiki baada ya wiki karibu mwaka mzima: Monastir, Sharm el Sheikh nchini Misri, Antalya nchini Uturuki. Ni miji ya hoteli za pwani, na hoteli ndizo zinazoyataka mashindano, maana kila mchezaji ni mgeni wa kulala. Mtunisia au Mmisri hucheza kama mwenyeji, na kadi za mwaliko zinazobaki kwa wenyeji ni zake. Ons Jabeur, aliyefika nambari 2 duniani Juni 2022, alizaliwa Ksar Hellal, ndani ya mkoa huo huo wa Monastir. Mayar Sherif wa Misri aliingia 40 bora. Siwezi kusema hoteli ndizo zilizowatengeneza, maana Jabeur angekuwa Jabeur popote. Lakini nyuma yao wapo wachezaji wengi wa nchi hizo mbili walio na pointi tatu, kumi, thelathini, na mlima huanzia kwa watu wa aina hiyo. Kati ya Kairo na Johannesburg, wiki za aina hiyo ni haba.

Wapo watakaosema Okutoyi mwenyewe ni ushahidi kinyume, kwani alitoka Nairobi na kufika. Tazama kilichompata 2024. Machi mwaka huo alishinda medali ya dhahabu ya mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika, Accra. Dhahabu hiyo ilikuwa na tiketi ya Olimpiki ya Paris, kwa sharti moja: mwenye nayo awe ndani ya 400 bora ifikapo Juni. Okutoyi hakuwa. Ushindi wa bara zima haukumletea pointi za kumsogeza, na wakati huo alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, ambako mechi za vyuo vya Marekani, ngumu kama zilivyo, hazihesabiwi na WTA. Tiketi ikapotea. Wanyonyi akaenda Paris. Sharti la 400 lina mantiki yake, maana hakuna anayetaka mchezaji afedheheshwe 6-0, 6-0 mbele ya dunia. Lakini angalia lilivyomgeukia: bara limesema ndiye bora, na orodha ikajibu kwamba hakuhudhuria vya kutosha.

Sasa mrudie Victoria Mboko, aliyekuwa upande wa pili wa wavu ile Julai 2022. Wazazi wake walihama kutoka Kongo, naye alizaliwa Marekani akalelewa Kanada. Alianza 2025 akiwa nje ya 300 bora, akashinda mechi zaidi ya 20 mfululizo katika mashindano madogo ya ITF, na kufikia Agosti alikuwa nambari 85. Mashindano ya 1,000 ya Montreal yakampa kadi ya mwaliko, kwa sababu ni Mkanada na mashindano ni ya Kanada. Alishinda yote, akimfunga Naomi Osaka fainali, na Jumatatu akaamka nambari 24. Kipaji ni chake, hakuna kadi inayokushindia mechi. Ila hakuna mashindano ya 1,000 ya Kenya, wala ya Afrika, ya kumwalika Mkenya.

Orodha si kipofu kabisa kwa masaibu. Aliyeumia kwa miezi sita au zaidi huweza kurudi kwa nafasi iliyolindwa na kuingia mashindano kadhaa kama alivyokuwa kabla ya kuumia. Korona ilipofunga viwanja Machi 2020, pointi ziligandishwa ili asiadhibiwe asiyeweza kucheza. Kwa hiyo kanuni ya kwamba mtu asishuke kwa sababu ambazo si za mchezo ipo na inakubalika. Inamlinda aliye ndani tayari.

Na aliye nje, huku kwetu, yuko nje kwa hatua nyingi. Tenisi ya Kenya ililelewa katika vilabu vya walowezi, na Kitale, iliyopata reli mwaka 1926, ilikuwa mji wao. Hadi leo korti nyingi za nyanda hizi ziko ndani ya ua wa klabu au wa shule chache, wakati karibu kila kata ina uwanja wa kabumbu. Tenisi imo kwenye ratiba ya michezo ya shule za sekondari: mwanafunzi wa Bungoma anaweza kupanda kutoka kaunti hadi kanda, taifa, hata michezo ya shule za Afrika Mashariki, iliyofanyika Mbale, ng'ambo tu ya Mlima Elgon, mwaka 2024, na Kakamega mwaka uliofuata. Anaweza kurudi na medali shingoni. Pointi, hapana. Ngazi ya shule na ngazi ya ITF hazigusani popote, na mwalimu wa michezo anayemwambia mzazi kwamba mtoto ni wa tatu Afrika Mashariki anasema kweli ambayo Monastir hawaitambui.

Liko pia jambo la mpira wenyewe. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Kanuni za ITF huruhusu mpira maalumu wa nyanda za juu popote palipozidi mita 1,219, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi mpira wa kawaida hukimbia na kupaa kupita kiasi. Mchezaji aliyekulia hapa akipelekwa pwani ya Mediterania hukuta mpira mzito, mechi ndefu, na vipigo vyake vya ushindi vinarudishwa. Inambidi ajifunze upya kwa siku ambazo kila moja inalipiwa hoteli. Mkimbiaji wa Mlima Elgon anashuka bondeni na mapafu yaliyonufaika. Mcheza tenisi anashuka na mazoea yanayomponza.

Wapo wanaotaka orodha ibadilishwe kabisa, ipime mechi badala ya mashindano, kama mfumo wa Elo wa sataranji ambapo ukimshinda aliyekuzidi unapanda sana na ukimshinda wa chini yako unapanda kidogo, popote mlipochezea. ITF tayari ina kitu cha aina hiyo, World Tennis Number, kipimo kinachoanzia 40 kwa anayejifunza hadi 1 kwa bingwa, na mechi ya Kitale inaweza kuhesabiwa humo mradi matokeo yaingizwe. Naupenda kama kioo cha kumwonyesha kijana amefika wapi. Haufungui lango la Wimbledon, wala sitarajii ufungue, kwa kuwa orodha ya pointi ina faida ambayo wenye mashindano hawataiachia: inamlazimisha mchezaji ajitokeze. Ukipima ubora pekee, nyota atalinda nambari yake kwa kukaa nyumbani.

Ninachokiona kinawezekana ni kusogeza pointi. Zawadi ya W15 ni dola 15,000, karibu shilingi milioni 2. Ukiongeza waamuzi, mipira, daktari na malazi ya maofisa, inapanda, lakini si fedha za kuishinda kaunti inayotengea michezo bajeti au kampuni ya mbegu au ya sukari inayotafuta jina. Wiki moja peke yake haina maana, hakuna Mromania atakayepanda ndege tatu kwa wiki moja. Zikiwa tatu mfululizo, tuseme Kitale, Eldoret, kisha Kampala, watakuja. Kila droo kuu ya wachezaji 32 huwa na kadi nne za mwaliko za mwenyeji. Wiki mbili za upande wa Kenya ni kadi nane, na wiki ya Kampala Nekesa ataingia mchujo kwa gharama ya nauli ya basi kupitia Malaba. Akishinda mechi moja tu ya droo kuu katika kila wiki, ana pointi katika mashindano matatu, na WTA inalazimika kuandika jina lake.